Namba ya Monji Kallel

Siku ya arobaini ya Monji Kallel, ofisi nzima ilikwenda kula kuskusi ya hitima nyumbani kwa mama yake, Barabara ya Gremda, kilomita ya tano. Hayfa Trigui hakwenda. Alinunua kahawa na kipande cha makrudh, keki ya tende, pale chini, akapanda hadi orofa ya tatu, akakaa kwenye kiti ambacho mpaka Mei kilikuwa cha marehemu, na akajisikia vizuri kabisa.

Ilikuwa Julai, msimu wa zamu moja, wakati mji mzima wa Sfax huanza kazi mapema na kufunga saa nane mchana ili watu wakajifiche jua. Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Seva zilivuma chumbani mwao, simu hazikulia, na Hayfa alikuwa peke yake.

Tuseme ukweli, Monji hakuwa mtu wa kupendwa. Kwa miaka ishirini na miwili alizitunza kompyuta kuu za kampuni ile, zilizohifadhi picha za eksirei na miadi ya wagonjwa wa kliniki nyingi za mji, na kwa muda wote huo hakuandika popote anafanyaje. Nywila zote zilikuwa kichwani mwake. Aliyeuliza swali alijibiwa kwa dharau, na Hayfa, msaidizi wake wa miaka minne, aliitwa "binti wa cheti" mbele ya wageni. Lakini Hayfa naye hakuwa malaika. Alinyamaza, akayakusanya makosa ya mzee moja baada ya jingine, akayapeleka kwa mkurugenzi yakiwa yamechapwa. Barua ya kumfukuza alijitolea kuipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Monji, apate kuona uso wake.

Siku Monji alipokuja kuchukua vitu vyake, mlinzi alimfuata nyuma kama mwizi. Alipofika kwenye meza ya Hayfa alisimama, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Umepataka mahali pangu. Haya, chukua. Ila uchukue pote." Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama akiwa jikoni, akimpikia mama yake.

Hayfa naye aliishi na mama yake, Bi Wasila. Tangu baba afariki hawakuwa na mtu mwingine. Kila siku saa nane na nusu mama alikuwa ameandaa meza, na hakuonja hata kijiko mpaka binti yake aingie. Hayfa, mwenye hila kwa kila mtu, hakuwa na hila kwenye meza ile. Alimpenda mama yake kupita maelezo, basi.

Sasa, kila fundi wa Linux, mfumo unaoendesha seva kama zile, anajua kwamba mtu akiondoka, akaunti yake hufungwa, haifutwi. Mashine haijui majina. Majina ni ya kuwafurahisha watu. Inachojua mashine ni namba, na kila faili imebandikwa namba ya mwenyewe. Ukimfuta mtu, faili zake hubaki na namba isiyo na jina, na akija mtu mpya, mashine ile humpa namba ya kwanza iliyo wazi. Hapo kila alichoacha wa zamani kinakuwa cha huyu mpya. Hayfa mwenyewe alikuwa akiwafundisha hivyo wanaoanza kazi.

Lakini siku ile hakutaka kufunga. Alitaka kuifuta akaunti ya Monji.

"Hii ndiyo arobaini yangu kwako," alinong'ona, akabonyeza. Kisha akaifuta na akaunti yake ya zamani, ile ya usaidizi ambayo Monji alimfungulia, akajitengenezea mpya yenye jina lake na mamlaka yote. Mashine ikampa namba elfu moja. Chini ya elfu moja ni namba za watumishi wa mashine yenyewe. Binadamu huanzia hapo. Ilikuwa namba ya Monji.

Aliliona kosa papo hapo. Kulirekebisha ni kazi ya dakika tano. Badala yake akafungua folda za mzee, moja baada ya nyingine, kazi ya miaka ishirini na miwili, na kila mstari ulisema mwenyewe ni hayfa. Ilimpendeza. Akaiacha hivyo.

Wajdi, fundi mwenzake aliyempenda marehemu kama baba, alirudi saa saba akinukia nyama ya kondoo. Akasimama nyuma yake, akasoma skrini.

"Umechukua namba ya Ami Monji."

"Namba ni ya kampuni."

Wajdi alichukua kompyuta yake akahamia meza ya mbali, na tangu siku hiyo hakumsalimia.

Kesho yake, saa tisa mchana, simu ya Hayfa ililia akiwa amebaki ofisini peke yake. Sauti ya bibi kizee. "Monji, mwanangu, dawa zangu umeziweka wapi?"

Hayfa aliitambua sauti hiyo. Ndiyo iliyomkaribisha mlangoni siku ya barua. Hakuwa na huruma ya kupoteza. Akamwambia, "Mwanao amekufa, bibi."

Bi Mahbuba, mama yake Monji, akasema taratibu, "Usinitanie. Sauti yako si ndiyo hii hapa?"

Hayfa akakata simu. Ikalia tena siku ya pili, saa ile ile.

Katika folda za Monji kulikuwa na faili moja iliyoitwa "kero". Kila siku ya kazi mzee aliandika humo mstari mmoja wa kumsimanga mtu. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Mei. Jumatano Hayfa aliifungua apate kucheka, akakuta mpya, wa tarehe ya siku hiyo. *Wajdi ameanza kunenepa kwa uvivu.* Akatazama kumbukumbu za mashine aone nani ameandika. Ameandika hayfa. Kwenye kibodi ya hayfa. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo alikuwa amekaa hapo hapo, na vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi.

Alhamisi kulikuwa na mwingine. *Mkono wa kushoto umeanza kufa ganzi.*

Akaunyanyua mkono wake wa kushoto. Haukumtii vizuri.

Siku hiyo alipofika nyumbani, mama alikuwa ameshakula. Haikuwahi kutokea. Aliosha sahani yake akaenda kulala. Ijumaa Bi Wasila alifungua mlango bila kutoa mnyororo, akamwangalia kupitia upenyo kwa muda mrefu. "Ah," alisema. "Ni wewe." Akamwandalia kwenye vyombo vya harusi, vile vya wageni, akakaa upande wa pili wa meza mikono ikiwa mapajani.

"Karibu, binti, usione haya. Mama yako hajambo?"

Kijiko kilimwanguka Hayfa. Mama akashtuka, akacheka kidogo, akasingizia joto. Halafu kicheko kikaisha. Akamshika binti yake mkono, akamnong'oneza, "Nilikuwa nimekusahau. Kabisa, Hayfa. Kabisa."

Usiku huo Hayfa hakulala. Cheo angeweza kukiacha. Mkono pia. Lakini si mama.

Jumamosi alikwenda kwenye meza ya Wajdi akamweleza yote, bila kuficha, akilia. Wajdi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwonea huruma hata chembe.

"Mrudishie," alisema. "Lianzishe jina lake upya, umpe elfu moja yake. Wewe jitafutie namba nyingine."

"Itatosha?"

"Unaijua kazi, unaniuliza nini? Ukimbadilishia mtu namba, vinavyomfuata ni vile vilivyo ndani ya folda yake binafsi. Vya nje vinabaki na namba ya zamani. Kwa hiyo hakikisha kilicho chako kimo ndani." Akachukua funguo zake. "Na usinipigie."

Wajdi alisema habari za faili. Hayfa hakuwa akifikiria faili. Alikuwa akimfikiria mama yake, na folda yake ilikuwa nyumba yao.

Alisubiri saa ambayo mama yake hatoki kamwe, saa ya kujinyoosha, nje kukiwa na nyuzi arobaini na nne na upepo wa jangwani ukivuma. Saa tisa kasoro kumi akapiga simu nyumbani.

"Mama, uko ndani?"

"Niko ndani. Niende wapi na jua hili?" Sauti ilikuwa ya adabu tu.

"Usitoke. Nakuomba, usitoke."

Akafunga kazi zake zote zilizokuwa zikiendelea, kwa sababu mtu habadilishwi namba akiwa bado ameingia. Akaingia kwa akaunti kuu. Akajipa namba mpya. Akaliandika jina la Monji, herufi kwa herufi, akampa elfu moja. Saa ilikuwa tisa na dakika kumi. Akapitia folda za mzee. Mwenyewe: monji. Mwenyewe: monji. Zote. Akafungua kiganja cha kushoto, akakifumba. Kilimtii. Simu ya Bi Mahbuba haikulia siku hiyo. Hayfa aliegemeza paji la uso mezani akalia kwa furaha.

Nyumbani hakukuwa na mtu.

Jiko lilikuwa bado la moto. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa. Hayfa aliita mara tatu, kisha akagonga kwa jirani. Jirani alifungua akiwa na usingizi machoni.

"Mama yako? Ametoka saa tisa na dakika tano. Nilishangaa, jua lote hili. Amebeba sufuria kwenye kitambaa, akapanda teksi."

"Amesema anakwenda wapi?"

"Anampelekea mwanawe chakula. Mimi nikadhani ni wewe."

Hayfa aliendesha gari bila kukumbuka njia. Kilomita ya pili. Ya tatu. Ya tano. Mlango aliujua. Safari hii ulikuwa wazi.

Wanawake wawili wazee walikuwa mezani. Bi Mahbuba alikuwa akitafuna polepole. Pembeni yake alikaa Bi Wasila, nywele zimechanwa vizuri, akimega mkate. Alikuwa na ile sura yake ya mezani, ile ambayo Hayfa alirudi nyumbani kuiona kila siku maisha yake yote. Sahani zilikuwa tatu.

"Mama."

Bi Wasila aliinua macho. Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mpita njia.

"Umetoka ofisini kwa Monji, binti?"

"Mama, ni mimi. Hayfa."

Mama yake alimgeukia Bi Mahbuba. Bi Mahbuba akatikisa kichwa. "Masikini," alinong'ona. "Jua limemwingia."

"Kaa ule, binti," alisema Bi Wasila. Hayfa akashika kiti kilichokuwa mbele ya sahani ya tatu, na mama yake akamzuia kwa mkono, taratibu, bila hasira. "Siyo hicho. Hicho mwanangu amekikalia."

Kwenye sahani ile chakula kilikuwa kimeliwa nusu. Mkate ulikuwa umeng'atwa, na pale ulipong'atwa palikuwa bado pabichi. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati. Hayfa aliukamata kwenye pembe akauvuta juu kwa mikono yote miwili. Haukuinuka.