Ufa wa Mwisho wa Mashua ya Absalom

Magharibi ilimkuta Nekesa akitoka dukani Makongeni na furushi la pamba kwapani. Alivuka barabara ya vumbi, akaingia uani. Mashua ilikuwa pale juu ya magogo, katikati ya kamba za nguo za wapangaji, mbali kabisa na ziwa lililoizaa.

Babu yake ndiye aliyeiunda, huko Port Victoria. Babake, Absalom, ndiye aliyeitia wazimu. Ujanani alivuka nayo ziwa peke yake hadi Mwanza. Dhoruba ikamrarulia tanga, akatweka shuka la kulalia, akafika akicheka. Alipopata kazi kiwandani Thika, aliileta kwa lori. Kila Jumapili aliitembeza kwenye bwawa la shamba moja la kahawa upande wa Ruiru, hadi Jumapili moja ya mwaka wa tisini na mbili, mashua iliporudi ufuoni bila yeye.

Maiti haikuonekana. Nyumbani wakazika shina la mgomba badala yake, kama desturi ilivyotaka, wakalililia kama mtu.

Na tangu Nekesa aanze kuikarabati, mashua ilikuwa ikigonga yenyewe.

"Wewe Nekesa!" Warigia, mwenye ploti, alisimama mlangoni. "Hicho kitu kimegonga mchana kutwa. Wapangaji wanahama! Kesho vijana wa kanisa wanakuja na mafuta taa, wakichome."

"Kesho alfajiri lori linaibeba kurudi bwawani, niitembeze kama Baba, Mama. Umebaki ufa mmoja tu."

"Na kama baba yako yuko ndani?"

"Basi atatusaidia kusukuma."

"Ngai! Haka kasichana kako na kichwa ngumu." Akafunga mlango. Komeo likalia.

Nekesa akalala chali chini ya mashua. Akasokota pamba, akaichovya mafuta, akaanza kuishindilia kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo.

Ko. Ko. Ko.

Akatulia, apumzishe mkono.

Ko... ko... ko...

Ilitoka ndani.

Harufu ikashuka. Matope ya ziwa. Samaki. Tumbaku ya babake. Tone la maji likamwangukia shavuni, baridi, kutoka kwenye mashua ambayo haikuwa imegusa maji miaka miwili.

"Nekesa..."

Sauti ya Absalom. Ile ile, yenye kukwaruza.

"Usiuzibe huo, mwanangu. Ndiko ninakopumulia."

Akateremsha nyundo. Alikumbuka lile shina la mgomba likishushwa kaburini, na jinsi alivyotamani likohoe, mara moja tu. Angeacha upenyo mdogo, basi. Nani angejua?

Bwawa lingejua. Upenyo huo ungeizamisha mashua. Na Absalom, mtu aliyekuwa akilamba mbao kwa ulimi akitafuta unyevu, aliyemzaba fundi kofi kwa kusahau tundu la msumari... Huyo aombe ufa?

"Wewe si baba," alinong'ona.

Akainua tena nyundo.

"Baba hawezi kuniomba tundu kwenye mashua yake."

Kidole kikatoka kwenye ufa. Cheupe. Kimevimba kama kitu kilicholowa muda mrefu. Kikamgusa midomo, taratibu, kama kinachosema:

Nyamaza.

Nekesa akakitemea mate. Akabandika pamba papo hapo, akaweka patasi, akapiga. Alipiga huku akiimba wimbo wa makasia aliofundishwa na babake, pigo kwa neno, neno kwa pigo, na ndani kitu kikalia kama mtoto, kikalia kama mzee, kikabweka. Taa zikawaka ploti nzima. Hakuna aliyetoka. Akapiga hadi ufa ukajaa, akapaka lami juu yake.

Alfajiri lori likaja kabla ya vijana wa kanisa. Kule Ruiru wapakizi wakaishusha mashua bwawani, na haikuvuja hata tone.

Lakini ilikaa chini majini, maji yakikaribia ukingo wake. Chini mno.

"Dada," mpakizi mmoja alisema, akirudi nyuma, "hii imeshabeba mtu."

Nekesa akapanda. Akatweka tanga. Ubao wa mbele ukalia polepole, kama vile mtu ameketi akageuka kumtazama.

"Kaa huko huko mbele, wewe usiye baba," alisema Nekesa, akishika usukani kwa mikono miwili. "Huku nyuma ni kwangu."

Upepo ukajaa tangani.