Raba Zilizongoja Idi

Kila asubuhi Mwanatatu alitoka kwao Chaani, Changamwe, viatu vya shule akiwa amevibeba mkononi. Alivivaa akishafika langoni mwa shule. Njiani alikimbia pekupeku, kandokando ya barabara ya malori yaliyotoka bandarini, na vumbi likampaka miguu hadi magotini. Rafiki yake Mwikali, ambaye baba yake alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, alimngoja penye duka la mkaa, na kutoka hapo walishindana.

"Leo umechelewa, shoga," alisema Mwikali. "Au mto ulikukatalia kuamka?"

"Nilikuwa napeleka mahamri ya mama dukani. Acha maneno, kimbia! Jana nilikuonea huruma tu."

"Huruma? Jana ulihema kama pampu ya baiskeli!"

Wote wawili walikuwa darasa la saba, na hakuna msichana shuleni aliyewakaribia kwa mbio. Mwikali ndiye aliyechaguliwa kukimbia mita mia nane katika mashindano ya wilaya.

Siku moja, watoto wakinywa maziwa ya shule, Mwalimu Absalom aliyefundisha michezo aliwaita. Alikuwa na mgeni, Bwana Gershom, Mtaita mrefu aliyefanya kazi katika kiwanda kimoja cha viatu karibu na shule. Bwana Gershom alitoa mkobani jozi ya raba nyeupe zenye mstari wa buluu na soli nene.

"Ndani ya soli hii tumetia sponji," alieleza. "Tunataka mtu akimbie kila siku bila ardhi kumpiga nyayo. Lakini sponji ikizidi ulaini, mguu hulala upande na mkimbiaji huanguka. Mashine haiwezi kuniambia hayo. Mguu ndio utakaoniambia."

Mguu wa Mwikali ulikuwa mkubwa kwa raba zile. Wa Mwanatatu ukaingia sawasawa.

"Basi zivae kila siku mpaka mwisho wa mwezi," alisema Bwana Gershom. "Kimbia nazo barabarani, mchangani, kwenye kona, hata mvua ikinyesha. Usinisifie. Niambie zinabana wapi, na kama zinaushika mguu. Tukimaliza, zitakuwa zako."

"Nimesikia, bwana," alijibu Mwanatatu.

Alisikia, lakini neno lililomkaa kichwani ni lile la mwisho: zako. Idi Kubwa ilikuwa inakaribia. Mtaani kwao, nguo na viatu vya Idi havikuvaliwa kabla ya siku yenyewe, na mtoto aliyevitia vumbi mapema alichekwa. Idi iliyopita Mwanatatu alikwenda kusherehekea na ndara za mama yake, zilizomzidi na kupiga pa-pa-pa kila alipopita. Safari hii alizifunga raba katika kanga kuukuu, akazisukuma chini ya kitanda.

Jioni alizivaa na kutembea juu ya mkeka, kutoka mlangoni hadi kitandani. Lo! Ilikuwa kama kukanyaga mkate wa sinia, kwa ulaini. Asubuhi aliondoka pekupeku kama kawaida.

"Raba ziko wapi?" Mwikali alimuuliza.

"Nakimbia nazo jioni," alijibu, akaangalia kando.

Mwezi ulipokwisha, Mwanatatu alizisugua soli ukutani, akazipaka udongo mwekundu. Kisha akazipeleka shuleni kwa Bwana Gershom.

"Zinabana popote?"

"Hapana."

"Kisigino?"

"Kimetulia."

"Na kwenye kona? Mguu haulali?"

"Haulali, wallahi."

Bwana Gershom alifurahi, akamrudishia raba ziwe zake, akampa mkono kama wanavyopeana watu wazima. Alisema kiwanda kingetengeneza jozi chache kwa ajili ya timu ya shule, na kwamba raba za kuuzwa madukani zingefuata. Mwanatatu alirudi darasani, ule mkono ulioshikwa ameuficha ndani ya sketi. Hakujua kwa nini.

Raba za timu zilipofika, Mwikali alizivaa mbele ya wote. Mzunguko wa kwanza alikwenda kama mshale. Mzunguko wa pili, kwenye kona iliyo karibu na magoli, kisigino cha kulia kililala, kifundo cha mguu kikapinda, na Mwikali akaanguka juu ya kokoto akipiga yowe. Kabla hajainuliwa, kifundo kilikuwa kimevimba.

"Ulikanyagaje wewe?" Mwalimu Absalom alifoka. "Mwenzako amekimbia nazo mwezi mzima, hata kujikwaa hakujikwaa!"

"Huyo amezoea kukimbiza mbuzi," alidakia mvulana mmoja aitwaye Karisa. "Viatu vimemshangaa!"

Watoto wakacheka. Mwikali hakuwajali. Alimtazama rafiki yake kwa macho yaliyojaa machozi.

"Niambie kweli, Mwanatatu. Hazikukuyumbisha hata siku moja?"

Mwanatatu alifungua kinywa. Wote walikuwa wakimtazama, na mwalimu pia.

"Hata siku moja," alisema.

"Basi miguu yangu ndiyo mibovu," alisema Mwikali polepole.

Mwalimu Absalom akatangaza kwamba nafasi ya Mwikali katika mashindano ya wilaya angepewa Mwanatatu. Watoto wakampigia makofi. Kila kofi lilimwangukia kama la shavuni.

Idi ikafika. Mwanatatu alivaa gauni jipya na zile raba, zilizosuguliwa hadi zikameremeta. Majirani walimsifu. Yeye alitembea akitazama chini, na chini ndiko zilikokuwa raba. Baada ya chakula, mama yake, Bi Dhahabu, alimwita.

"Mwanatatu!"

"Abee, mama."

"Chukua sahani hii ya pilau, umpelekee Mwikali. Mgonjwa hasahauliwi siku ya Idi."

Kwa akina Mwikali palikuwa na mteremko. Mwanatatu alipoanza kuushuka, alihisi kisigino kikibonyea upande wa ndani. Akaiweka sahani kwenye kibaraza cha jirani, ikiwa imefunikwa kawa, akakimbia hatua chache na kugeuka ghafla. Mguu ukalala. Lau hangeshika ukuta, angeanguka. Alisimama pale, uso ukimwaka moto. Ingemtosha kukimbia asubuhi moja tu kuyajua haya. Asubuhi moja!

Akaichukua sahani, akaenda, akamkuta Mwikali amelala mkekani, mguu umekandwa mafuta ya nazi na kuegemezwa juu ya mto.

"Idi njema, shoga," alisema Mwikali, akajaribu kutabasamu. "Umependeza. Raba zimekukubali wewe."

"Sikukimbia nazo," alisema Mwanatatu.

"Umesemaje?"

"Sikukimbia nazo hata mara moja. Nilizificha nizivae leo. Bwana Gershom nilimdanganya. Na wewe nilikudanganya, siku ile uwanjani. Miguu yako haina kasoro, Mwikali. Kiatu ndicho kibovu."

Mwikali aliutazama mguu wake, akazitazama zile raba. Kisha akaivuta sahani karibu.

"Pilau ya mama yako nitakula," alisema. "Lakini wewe usikae."

Mwanatatu alirudi nyumbani akilia mbele za watu, na alipofika alimweleza mama yake yote. Bi Dhahabu hakumpiga. Shule ilipofunguliwa alijifunga buibui, akamshika binti yake mkono, wakaenda pamoja kwa Mwalimu Absalom. Bwana Gershom akaitwa.

"Sema," aliamuru Bi Dhahabu. "Sauti ile ile uliyodanganyia, ndiyo uitumie kusema kweli."

Mwanatatu akasema. Alipomaliza, alizivua raba na kuziweka mezani. Bwana Gershom alichukua kisu, akapasua kisigino kimoja. Sponji ilikuwa imejikusanya upande mmoja, laini kama boga lililoiva mno.

"Soli za raba za madukani zilikuwa zianze kukatwa wiki hii," alisema kwa sauti ndogo. "Binti, mimi sikukuomba unisifie. Kama ungeniambia ni mbaya, ningekushukuru."

Mwanatatu hakuweza kuinua uso. Aliomba asipewe nafasi ya Mwikali, na mwalimu akakubali. Asubuhi iliyofuata Mwalimu Absalom alisimama mbele ya gwaride, Mwikali akiwa ameketishwa kando.

"Mwikali hakukosea," alisema. "Mwanatatu alidanganya, nami nilimlaumu aliyeumia bila kuuliza. Samahani, Mwikali." Karisa aliinamisha kichwa. Mwanatatu alisimama mstarini, macho ya shule nzima yakiwa juu yake, na safari hii hakukimbia.

Mashindano ya wilaya yalipita bila Mwikali. Mguu wake ulipopona, Bwana Gershom alirudi na jozi mbili zenye kisigino kigumu zaidi. Wasichana walikimbia nazo kila asubuhi, katika vumbi na matope. Siku za kwanza Mwikali alikuwa mbele bila kugeuka. Baadaye alianza kupunguza mwendo kidogo, ili Mwanatatu amfikie.

Siku ya majibu walikutana nyumbani kwa Bi Dhahabu, aliyekuwa akikanda unga wa mahamri.

"Haya, Mwanatatu," alisema Bwana Gershom.

Mwikali alimkazia macho.

"Kisigino kinashika, hata kwenye kona," alisema Mwanatatu. "Lakini kidole changu kidogo kinachubuka. Na zikilowa zinateleza."

"Kweli zinateleza," alisema Mwikali. "Mimi nilidhani ni peke yangu."

Bwana Gershom akacheka kwa furaha. "Hayo ndiyo maneno ninayoyataka! Tutazirekebisha."

Bi Dhahabu alifuta unga mikononi, akawatazama wasichana wote wawili.

"Mtu akikwambia umwonjee mchuzi, mwanangu, huonji kwa macho," alisema. "Akikuuliza, unamwambia ulivyo, hata kama umezidi chumvi. Maana wewe utaondoka, na watakaoula ni wengine."

"Nimeelewa, mama," alijibu Mwanatatu, na safari hii hakuangalia kando.