Nyumba Isiyo na Sukari

Jumatatu saa nne asubuhi jengo la mafundi wa simu na kompyuta lilikuwa limejaa watu hadi ngazini, na mwanamke mmoja mwenye gauni la bluu la kazini alikuwa akizipanda ngazi hizo huku akisonya. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Kwapani alibana laptopu iliyokataa kuwaka tangu alfajiri, na humo ndani mlikuwa na michoro yote ya zahanati, kazi ya kwanza aliyopewa aifanye peke yake. Ijumaa saa tatu michoro hiyo ilitakiwa iwe mbele ya bosi wake. Nakala nyingine hakuwa nayo, na kila aliyemuuliza kuhusu nakala alikuwa ameshajibiwa vibaya.

Kibanda alichoelekezwa alikikuta kimefungwa. Akageuka, akaibwaga mashine kwenye meza ya kibanda cha mkabala.

"Haichaji, haiwaki. Naihitaji leo."

Fundi akainua uso. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi likakaza, na kwenye paji la uso alikuwa amefunga taa ndogo. "Na wewe hujambo," alisema.

"Sikuja kusalimiana."

"Naona. Chaja ulichomeka?"

"Unaniona mjinga?"

"Sijui bado, ndiyo kwanza tumeonana. Na swichi ya ukutani uliiwasha?"

Muuza vioo vya simu wa jirani akacheka, na mchoraji akamkata jicho. Fundi hakujali. Alijaribu chaja nyingine, kisha ya tatu. Akaitoa betri, akabana kitufe cha kuwashia huku akihesabu taratibu hadi thelathini, akajaribu umeme peke yake bila betri. Hakuna taa iliyowaka. Mwanamke yule, ambaye kazini kwake hupima ukuta mara mbili kabla ya kuuamini, aliona kwamba mtu huyu haruki hatua hata moja. Jambo hilo lilimpendeza, na akakasirika kwamba limempendeza.

Kisha fundi akachukua kikaratasi na kalamu. "Mimi sifungui mashine kabla sijaandika habari zake. Jana ilikuwa wapi? Nani mwingine anaigusa?"

"Hii ni laptopu au mgonjwa?"

"Mgonjwa angeletwa na ndugu wapole zaidi."

"Nakaa na mama yangu tu, na yeye haigusi. Andika hivi: mwenye mashine ana hasira."

Akaandika kweli, na chini yake kazi na namba ya simu ya mwenye mashine, akakifunga kikaratasi kwenye mashine kwa uzi, akampa risiti yenye namba ya fundi mwenyewe.

Jioni simu ya mchoraji ikalia; alikuwa fundi. "Bi Ramani, habari za kazi?"

"Imewaka?"

"Haijawaka. Nimepiga kukwambia kwamba haijawaka."

"Hiyo nayo ni habari ya kumpigia mtu?"

"Ungepiga wewe kuuliza, ungepiga kwa hasira. Nimekupunguzia kazi."

Mchoraji alicheka bila kutaka. Jumanne alipiga yeye mwenyewe, akauliza habari za mashine kwa dakika moja, kisha akakaa kwenye simu dakika arobaini. Alimweleza kwamba ameyashusha madirisha ya zahanati ili mgonjwa aliyelala aone nje, na kwamba bosi wake anayaona ni upuuzi.

"Hayo madirisha nitakutolea humo hata kwa meno," fundi alisema, na usiku huo mchoraji alilala vizuri.

Jumatano jioni alikuwa akipiga pasi sebuleni, simu ameiweka sauti ya nje, mama yake akishona kifungo kwenye kochi. "Tatizo nimeliona," fundi alisema. "Kuna kitu kimemwagikia ndani, kitu cha sukari. Kimeganda kwenye njia ya chaji na kimeanza kuila shaba."

"Haiwezekani. Mama ana kisukari. Nyumba hii haijaona sukari mwaka wa nne huu."

"Mashine yako imeiona."

"Basi angalia tena," alisema, akakata simu. Mama yake aliweka sindano chini akasema kichwa kinamuuma. Binti akaenda kuoga.

Alhamisi asubuhi alipitia kibandani kabla ya kazi. Fundi hakumtazama usoni. "Huenda nilikosea jana," alisema akipangusa bisibisi ambayo tayari ilikuwa safi. "Labda ni unyevu tu."

"Unyevu? Jana ilikuwa sukari."

"Mambo haya yanachanganya."

Hapo ndipo alipoiona chupa ya soda, nusu yake imenywewa, karibu kabisa na laptopu yake iliyofunguliwa tumbo. Damu ikampanda kichwani. Mtu asiyeruka hatua, leo hajui tofauti ya sukari na unyevu?

"Ni soda yako," alisema. Sauti ilianza chini, lakini haikukaa huko. "Umeimwagia wewe, ukataka kuisingizia nyumba yangu. Umeona uongo haushiki, sasa unabadilisha. Na zile simu za kila jioni, kumbe ulikuwa unanilainisha. Mwongo mkubwa wewe."

Ukumbi mzima uligeuka kutazama. Mteja aliyekuwa akimkabidhi fundi kompyuta yake aliivuta polepole akairudisha mfukoni mwa begi. Fundi aliiweka bisibisi chini.

"Kama una la kusema, sema."

"Sina," alisema fundi, lakini masikio yalikuwa yamemwiva.

Mchoraji alizoa mashine, skrubu na betri, akavitia vyote kwenye mfuko. Aliomba ruhusa kazini, akaenda nyumbani kuchora upya kwa mkono, kazi ya miezi miwili ndani ya siku moja. Alikuwa akilia njia nzima, na kilichomliza zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kumpenda.

Jikoni alimkuta mama yake amesimama, akinywa juisi ya embe kutoka kwenye boksi.

Mama akaliweka boksi mezani.

"Jumapili nilikuwa naangalia picha za harusi ya binamu yako kwenye hiyo laptopu," alisema. "Mkono ukateleza. Nikafuta, nikaianika dirishani, nikajua imekauka."

"Unakunywa kila siku?"

"Si kila siku."

"Mama."

"Kila siku." Mama akavuta kiti akakaa. "Yule fundi usimlaumu. Jana ulipokwenda kuoga nilimpigia, namba niliitoa kwenye risiti. Nilimlilia, mwanangu. Akasema atanisitiri hadi Ijumaa tu. Nisipokwambia mwenyewe, atakwambia yeye. Sasa nifanye nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Yangekuwa maji nisingemtukana mtoto wa watu mbele ya umati."

Akaimwaga juisi yote kwenye sinki. Alimkasirikia mama kwa kujiua kidogo kidogo, alimkasirikia fundi, alijikasirikia mwenyewe, na chini ya hasira hizo zote kulikuwa na hofu tupu ya kubaki peke yake duniani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanitazama kama unavyonitazama sasa," mama alijibu.

Binti akageuza uso. Baadaye akamshika mama bega, akampigia muuguzi wa kliniki kuomba nafasi ya Jumamosi, kisha akachukua mfuko wake.

"Pamefungwa," fundi alisema alipomwona amerudi kibandani.

"Mbona uko ndani?"

"Pamefungwa kwako."

"Mama ameniambia. Na wewe ungeniambia."

"Mama wa watu analia kwenye simu, ulitaka nimfanyeje?"

"Ulitakiwa kusema. Angeweza kuanguka huku wewe unamsitiri."

"Nilimpa siku mbili." Sauti yake nayo ilipanda. "Siku mbili, na wewe hukunipa hata dakika mbili. Nilivyoshindwa hata kudanganya, hakukukuonyesha mimi ni mtu wa namna gani?"

Fundi akanyoosha mkono. "Lete hiyo mashine. Na usidhani nakufanyia wewe. Nimeahidi madirisha."

Alifanya kazi mchana kutwa bila kumsemesha, akisugua ubao wa umeme wa ndani kwa mswaki na spiriti, akibandua kifaa kidogo kilichooza na kuchomelea kingine, huku mwanamke amemshikia taa. Saa kumi na moja jioni kitaa cha njano kikawaka ubavuni mwa laptopu, kisha kioo nacho kikawaka. Zahanati ilikuwepo yote. Mchoraji aliinakili kwenye flashi mbili.

"Haya, tumemalizana," fundi alisema. "Chukua, nenda, usirudi. Wateja wawili wamenikimbia leo. Huyu jirani hajanisemesha tangu asubuhi. Kazi hii mtu unakula kwa jina lako, na jina langu umeliacha hapo sakafuni."

Alichokifuata mchoraji alikuwa nacho tayari mkononi. Alifika kwenye ngazi, akasimama, akarudi. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliotoka kazini. Akavuta stuli ya muuza vioo bila kuomba, akaipanda na viatu vyake vya kisigino.

"Jamani. Asubuhi nilimwita huyu fundi mwongo. Nilimsingizia. Mashine ilimwagikiwa nyumbani kwangu, na kosa ni langu."

Hakumtaja mama. Fundi aliinua macho.

"Huku nyuma hatusikii," mtu akasema.

"Nasema ni langu," alirudia kwa sauti ileile aliyotukania. "Yeye ni mkweli, mimi nina mdomo. Mliokimbia rudini."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Fundi alikuja akasimama chini yake, uso bado umekunjamana.

"Shuka, utavunjika mguu."

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Basi sishuki."

"Kesho saa tatu una kazi." Akampa mkono. "Nenda kawaonyeshe hayo madirisha. Jioni nikiwa bado na hasira, nitakupigia nikwambie."

"Na zikiwa zimeisha?"

"Nitakuja kwenu kukwambia, mama akisikia."

Akashuka ameushika mkono huo, na hakuuachia hata muuza vioo alipokuja kudai stuli yake.