Kompyuta Aliyoiacha Mama

Majirani zangu, la leo nitalisimulia bila kumsengenya mtu, maana na mimi nimo ndani yake. Mimi ni fundi cherehani. Duka langu limepakana na studio ya mpiga picha ambaye mtaa mzima tunamwita Tabasamu, japo yeye mwenyewe hacheki hovyo. Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao, kwa hiyo la kwake nalisikia na la kwangu analisikia.

Enzi za uhai wa mkewe, asubuhi zetu zilikuwa tamu. Mama yule alifungua mlango, akafagia, akawasha kompyuta, na ile kompyuta ilipoamka ilipiga kiwimbo kifupi. Kikilia tu, nilijua muda wa kupasha pasi umefika. Kazi ya mume ilikuwa kupiga picha, ya mke kuzipanga, na alizipanga kwa namna yake mwenyewe. Tarehe hakuandika, majina hakuandika. Aliandika “Mapacha wa mwokaji mikate”, “Harusi ya mvua”, “Babu aliyegoma kuvua kofia”. Mteja akirudi baada ya miaka sita kutaka nakala, mama aliuliza swali moja tu na picha hiyo hapo. Tulicheka sana siku zile, jamani. Mpaka leo nikizikumbuka nikiwa nashona, sindano hunichoma.

Kabla ya mteja wa kwanza, mume alipima taa, na wa kukaa kwenye kiti alikuwa mkewe, kamera ikirekodi. Ilikuwa nusu dakika hivi, haizidi. Alipozaliwa binti yao wa pili, tuliyezoea kumwita Kitinda, mama alikaa naye mapajani. Video zile alizihifadhi kwenye folda aliyoiita “Taa”.

Kisha maradhi yakaja, wala hayakukawia. Mama akatutoka Kitinda akiwa na miaka miwili. Na mtu wa kupanga picha za wenzake huwa hana za kwake. Picha zake za karatasi zilikuwa mbili, zote za kitambulisho, na zote kakunja uso. Sauti yake na kicheko chake vilibaki ndani ya ile folda peke yake. Kitinda alimjulia mama yake hapo. Alipoanza shule, kila alasiri alitupa mkoba, akavuta kigoda, akafungua “Taa”. Nami upande wangu wa mbao nilimsikia shoga yangu akimbembeleza mwanawe, “Nyamaza kidogo, mama, baba anapima taa.”

Miaka tisa ikaenda hivyo. Aliyeliona tatizo ni binti mkubwa, ambaye alikuwa amesomea kompyuta na kuajiriwa kuzitengeneza maofisini. Alimweleza baba yake kwa adabu kwamba mfumo unaoiendesha ile kompyuta umezeeka, na waliouunda wameacha kuutengenezea kinga. Tundu likitokea, hakuna wa kuliziba. Aliomba siku moja tu. Angenakili kila kitu pembeni, aweke mfumo mpya, kisha arudishe. Ila hakumficha: ile programu ya albamu aliyoipenda mama isingefanya kazi kwenye mfumo mpya. Picha zingekuwepo, mpangilio ungebadilika.

Hapo ndipo Tabasamu alipokaza shingo. Alisema mwezi ujao. Mwezi ujao kulikuwa na mahafali ya shule, na baada ya mahafali kukawa na harusi tatu mfululizo. Binti akaomba basi angalau anakili zile video za mama kwenye simu yake. Baba akamjibu kwamba siku ya kubadilisha watanakili vyote kwa pamoja, haraka ya nini.

Nakala ya akiba ilikuwepo, msije mkadhani hawakuwa na akili. Ilikuwa kwenye diski ndogo ya nje, iliyochomekwa nyuma ya kompyuta na kushika vumbi. Binti alipotaka kuichomoa akaiweke kabatini nyumbani, baba alimshika mkono.

“Mama yenu ndiye aliyeichomeka, siku ya mwisho aliyokuja kazini,” alisema. “Hiyo isiguswe.”

“Baba, ikikaa hapo, siku kompyuta ikipata ugonjwa na yenyewe itaugua.”

“Nimesema isiguswe, mwanangu.”

Mimi sasa, mdomo wangu huu, nikadakia kutoka upande wa pili. Nikamwambia binti amwache mzee wake, mbona cherehani yangu ina umri kumshinda yeye na bado inashona. Tabasamu akafurahi kupata shahidi. Binti akaaga, akaenda zake kazini. Laiti ningelishona lile domo langu.

Siku moja mteja wangu aliniletea mitindo ya magauni kwenye flashi. Nikaenda kwa jirani anichapishie kurasa sita. Akaichomeka, mitindo ikafunguka, akachapisha, nikamshukuru, nikarudi kwenye kitambaa changu naimba. Haikufika saa moja nikamsikia akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu siku ya msiba.

Nilipofika, picha zilikuwa zinageuka mbele ya macho yetu. “Harusi ya mvua” ikawa herufi zisizosomeka. Mapacha wakaondoka, babu na kofia yake akaondoka. Yalibaki maandishi mekundu yakisema kila kitu kimefungwa na kwamba kuna watu mahali fulani wanataka walipwe ndipo wafungue. Tabasamu alichomoa waya ukutani, lakini alikuwa amechelewa. Na ile diski ya nje, kwa kuwa ilikaa palepale, ilifungwa nayo.

Binti mkubwa aliacha kazi akaja mbio. Alihangaika nayo wiki mbili, akawaita na wenzake, wakajaribu kila walichokijua, isifunguke. Alituambia kirusi kile ni cha zamani, na tundu kilimopita lilikwisha kuzibwa miaka mingi kwenye mifumo mipya. Hakunilaumu kwa ile flashi. Afadhali angenilaumu.

Siku ileile ya balaa, Kitinda aliporudi shule, alivuta kigoda kama kawaida yake. Baba yake akachuchumaa mbele yake.

“Leo hakuna ‘Taa’, mwanangu,” alisema.

“Kesho je?”

Mzee alimshika mabega tu, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kusimama pale.

Mwisho binti mkubwa aliweka mfumo mpya. Uliwaka upesi, kimya, bila kiwimbo. Kwa aibu yangu nilipita nyumba kwa nyumba nikaomba kila aliyepigwa picha pale azilete zikanakiliwe. Watu hawakutuangusha. Walileta albamu, fremu, hata picha zilizokuwa zimebandikwa mlangoni. Tulizipekua zote tukimtafuta mama yule, na kumbe wateja walipopigwa picha yeye siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Tulimpata mara moja, pembeni mwa picha ya mapacha, mkono tu, umeshika ncha ya pazia ili lisianguke. Kitinda aliomba picha ile iwe yake.

Juzi nilikuwa nampima Kitinda sweta la shule pale studio. Akamgeukia baba yake.

“Baba, mama alikuwa anasemaje ile ya taa?”

“Nyamaza kidogo, mama, baba anapima taa,” mzee akasema.

“Siyo hivyo.”

Akarudia, polepole zaidi. Mtoto akatikisa kichwa. Mzee akajaribu mara ya tatu kwa sauti nyembamba, ikamkatikia njiani. Kisha akaniangalia mimi, niliyeisikia sauti ile kupitia mbao kila siku ya Mungu. Nikafumbua kinywa. Maneno ninayo yote, ila sauti yenyewe imenitoka, siipati.

“Basi, shangazi,” Kitinda akaniambia. “Inatosha.”

Fundisho

Ndugu zangu, mapenzi kwa mtu aliyetangulia si sababu ya kuacha alichotuachia kioze. Ukiambiwa na anayejua kwamba kitu kinahitaji kinga mpya, kipe kinga, hata kama sura yake itabadilika. Nakala za unachokipenda ziweke mbali na chenyewe, na ziwe zaidi ya moja. Na sisi tusioyajua mambo haya tusimkatishe kauli mtoto anayeyajua kwa kuwa tu tumemzidi umri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wazee walisema, na hapa limeumia tumbo la mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye hakumwambia mtu yeyote angoje.