Mkuu wa Zamu ni Nani?

Mama Pacha alikuwa sebuleni akishona sare za shule. Mguu unakanyaga cherehani, mdomo umebana pini, akili yote iko kwenye kola. Mara muuza rangi, jirani wa karakana ya mumewe, akaingia bila hata kupiga hodi.

"Mama Pacha! Mumeo amechukuliwa na polisi!"

Pini zikamwagika sakafuni.

"Amefanya nini?"

"Wameikuta pikipiki ya wizi karakanani. Ile aliyoletewa achomelee bomba la moshi. Wakamuuliza ni ya nani, akashikwa na kikohozi, hata kujibu hakuweza. Wakaondoka naye. Na hii imebaki juu ya meza yake."

Akafungua kiganja. Ilikuwa pampu ndogo ya buluu, dawa ya pumu ya kuvuta.

Mumewe alikuwa na pumu tangu utotoni. Akishtuka, kifua kinabana. Akikosa dawa, kinafunga kabisa. Safari moja walimkimbiza hospitali akiwa hawezi kutoa hata neno, na yule bwana kukosa neno si jambo dogo.

Akaikamata pampu, akatoka mbio na uzi wa kushonea ukimning'inia shingoni.

Kwenye lango la kituo cha polisi akamkuta shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Namjua. Hospitali anamjua mtu. Shuleni anamjua mtu. Ukimwambia mvua imekataa kunyesha, atakwambia subiri, kuna mtu namjua.

"Shemeji, tulia," alisema Namjua. "Hapa polisi namjua mkubwa mmoja. Wewe funga mdomo, niachie mimi."

Mama Pacha akafunga mdomo. Walianza kukosea hapo hapo.

Kwenye kaunta alikaa askari kijana. Namjua hakumsalimia. Alitoa simu, akapiga, akamsukumia askari sikioni.

"Ongea na mkubwa wako!"

Askari akasikiliza. Akasimama wima. "Ndiyo, afande. Ndiyo, afande." Alipoirudisha simu, uso ulikuwa umekaza kama ngoma juani.

"Amesema nisifanye lolote mpaka apige tena. Kaeni kwenye benchi."

"Umeona?" Namjua alimnong'oneza shemeji yake, kifua mbele. "Hiyo ndiyo kazi ya kujuana."

Wakakaa. Simu haikulia. Namjua akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Watu walikuja, wakahudumiwa, wakaondoka. Kutoka nyuma ya mlango wa chuma, Mama Pacha akasikia kikohozi. Alikijua kikohozi kile kama anavyojua mlio wa cherehani yake. Kilianza kirefu. Kisha kikawa kifupi kifupi.

"Shemeji, anabanwa!"

"Subiri kidogo, mkubwa atapiga."

"Afande," Mama Pacha alimwita askari, "naomba nimpe mume wangu hii..."

"Mama, nimeambiwa nisifanye lolote. Unataka nifukuzwe kazi?"

Mama Pacha akatoka nje akilia. Nyumba iliyopakana na kituo ilikuwa ya bibi mmoja aliyestaafu upolisi. Watu walimwita Sajenti mpaka leo, na kuku wake walikula kwa foleni, au ndivyo majirani walivyomtania. Alikuwa akiwamwagia pumba aliposikia mtu analia kwenye ua.

"Mwanangu, nani amekufa?"

"Bado, Sajenti! Lakini atakufa!"

Akamweleza yote, maneno yakikanyagana. Sajenti akaweka ndoo chini.

"Umemwambia yule askari kwamba mumeo ana pumu?"

Mama Pacha akakumbuka kila neno walilosema kule ndani. Hakuwa amesema. Namjua hakuwa amesema. Walipiga simu, walitaja mkubwa, lakini jambo lenyewe hakuna aliyelitaja.

"Twende, nitakueleza tukitembea," Sajenti alisema, akivuta kanga begani. "Kila kituo kina mkuu wake. Chini yake, kila zamu ina mkuu wa zamu. Huyo ndiye mwenye dhamana ya kila mtu aliye ndani saa hizi. Mahabusu akiugua, ni juu yake. Akikosa maji, ni juu yake. Askari wa kaunta anapokea amri kwake."

"Lakini yule wa kwenye simu ni mkubwa zaidi!"

"Mkubwa wa wapi? Wa kazi gani? Cheo peke yake hakitoshi. Amri hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa yule unayewajibika kwake. Kama kila mwenye simu angekuwa anaamuru kituo, kesho jirani angekufungia ndani kwa sababu kuku wako wamekula mboga zake. Mmemchanganya kijana wa watu. Sasa ana wakubwa wawili, mmoja hamjui, kwa hiyo amekaa kama jiwe."

"Nikikataliwa na mkuu wa zamu je?"

"Mwone mkuu wa kituo. Akikataa, panda wilayani, halafu mkoani. Iko pia ofisi ya malalamiko. Usiruke ngazi, maana ukiruka utarudishwa chini tu, na muda umepotea. Na juu ya wote hao hakai mtu, mwanangu. Ipo sheria."

Walifika mlangoni. Sajenti akaketi nje kwenye ngazi.

"Huingii?"

"Nikiingia kukusemea, nitakuwa Namjua wa pili. Mimi sina amri humu tena. Nenda. Salimia. Sema jambo lako."

Mama Pacha akaingia. Akaiweka pampu juu ya kaunta.

"Habari za kazi, afande. Mume wangu, yule fundi wa kuchomelea, mko naye humo ndani. Ana pumu. Anabanwa sasa hivi. Dawa yake ni hii. Naomba kumwona mkuu wa zamu."

"Ana pumu?" Askari akaruka kutoka kwenye kiti. "Mbona hamkusema?"

Akagonga mlango wa pembeni. Akatoka mwanamama mnene mwenye miwani, alama za cheo begani. Alisikiliza maneno mawili tu.

"Fungua selo. Mlete hapa kwenye hewa. Gari liwe tayari kama hospitali itahitajika."

Fundi akaletwa ameshikwa mikono. Mabega yalipanda na kushuka. Midomo ilikuwa imepauka. Mama Pacha akaitikisa pampu, akamwekea mdomoni. Akavuta. Akangoja. Akavuta tena. Kaunta nzima ilimsikiliza mtu mmoja anapumua. Taratibu kile kifilimbi cha kifuani kikaanza kupungua.

Mkuu wa zamu akamgeukia askari. "Nani alikuzuia kuniita?"

Askari akamtaja mkubwa wa kwenye simu. Mkuu wa zamu akavua miwani.

"Namfahamu. Anapiga tarumbeta kwenye bendi yetu ya polisi. Anapiga vizuri sana. Lakini mahabusu si kazi yake. Kuanzia leo, simu ya namna hiyo niletee mimi."

Namjua aligeuka akaanza kusoma tangazo la mbwa aliyepotea, kwa makini ya ajabu.

Mganga wa zahanati ya jirani aliitwa, akampima fundi, akasema yuko salama. Hapo ndipo mpelelezi akachukua maelezo yake. Fundi akaeleza mteja ni nani na anaishi wapi. Muuza rangi naye akaja kueleza alivyomwona mteja akiileta pikipiki. Mpelelezi akasema uchunguzi utaendelea, lakini fundi anaweza kungojea nyumbani, akipata mdhamini mwenye makazi yanayojulikana.

"Dhamana haiuzwi," mkuu wa zamu aliwaambia. "Mtu akiwadai chochote, njooni kwangu."

Namjua akasogea polepole, kitambulisho mkononi. "Mimi ni kaka yake. Naishi mtaa wa pili."

Akasaini.

Jua lilikuwa bado kali walipotoka. Siku chache baadaye mteja alikamatwa, na fundi akaambiwa hana kesi. Tangu hapo hachomelei pikipiki kabla ya kuona kadi yake na kumjua mwenyewe. Pampu moja hukaa mfukoni, nyingine kwa mkewe.

Lakini siku ile, njiani, hakuna aliyewaza hayo. Fundi alikuwa akimfokea kaka yake.

"Mpiga tarumbeta! Mimi nakata roho, wewe unaniitia mpiga tarumbeta! Ungeniitia na mpiga ngoma, nizikwe vizuri!"

"Mdogo wangu, nilikuwa nasaidia..."

"Nyamaza! Sijamaliza!"

Alifoka hatua hadi hatua, bila kutua, mpaka watu wakatoka madirishani. Mama Pacha hakumkataza. Alitembea nyuma yake akisikiliza, machozi yakimtiririka. Kila tusi lilitoka na pumzi yake kamili.