Ilaria Anabipu

Sindre alisimama katika mgahawa wa stesheni ya Bologna akingoja zamu yake, na hilo ndilo lililomponza. Kwao Norway mtu husimama kimya mpaka aitwe. Hapa kwetu asiyepaza sauti haonekani. Walipita wazee, wakapita wanafunzi, akapita padri na mkoba wake. Kila mmoja aliegemea kaunta, akanywa kahawa kwa mafunda mawili na kwenda zake. Mgeni yuko palepale, soksi na makubazi miguuni, jasho linamtoka.

"Unangoja nini, kaka?" akamuuliza binti mmoja mwenye gauni la njano na miwani ya jua kichwani.

"Niko kwenye foleni."

"Foleni ipi?"

Sindre akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu, wala mbele.

Binti huyo, Ilaria, alimshika mkono, akampeleka kwa keshia alipe kwanza, kisha akampigia kelele mpika kahawa: "Elvio, mpe huyu kikombe kabla hajatufia hapa." Sindre akacheka mpaka macho yakalowa. Tangu hapo likizo yake haikuwa yake tena.

Kila kitu kilimshangaza. Watu waliongea kwa mikono hata kwenye simu. Jioni mji mzima ulipendeza kwa mavazi, ukatembea barabara ileile kwenda na kurudi, bila kufika popote. Na upepo ukivuma kidogo tu, Ilaria alimzungushia skafu shingoni.

"Nitakufa kwa joto, mpenzi."

"Utakufa kwa upepo wa shingo. Tulia."

Alitulia. Angefanyaje?

Jumapili akapelekwa kwa Mama Graziella, mama yake Ilaria. Walipofika kona ya mtaa, Ilaria akapiga simu: "Mama, tia tambi." Nyumba ile tambi haziingii majini mpaka mlaji awe karibu. Sindre alimaliza sahani mbili kwa adabu, akashukuru, akakunja kitambaa chake. Ndipo nyama ikaletwa.

"Mama, nimeshiba."

"Umeshibaje, mwanangu, na hata hujaanza?"

Akala tena, huku Ilaria akificha kicheko kwenye glasi.

Jioni ile simu ya Sindre ikalia mara moja, ikakatika. Ilaria. Asubuhi ikalia tena, ikakatika. Akaanza kushinda nayo kiganjani, ikilia tu, anaidaka: "Haloo? Haloo?" Kimya.

Miaka ile simu zilikuwa na vitufe, na vijana wetu walibipu. Si bipu ya kuomba upigiwe. Bipu ya hapa ilikuwa na maana moja tu, nakuwaza, na anayebipiwa hapokei, hubipu naye. Ilaria alibipu kutoka duka la viatu alikofanya kazi, akangoja. Simu yake haikulia. Siku ya tatu ikalia, ikaendelea kulia, akapokea.

"Ilaria, kama huna la kusema, usinipigie."

"Sina la kusema?"

"Unapiga, unakata. Mimi si mtoto wa kuchezewa."

"Haya. Sitakusumbua tena."

Akajifungia stoo kati ya maboksi ya viatu, akalia. Sindre naye akalala chali hotelini, hana hamu ya kula wala kutoka. Ningekuwepo ningewagonganisha vichwa.

Asubuhi ya safari, Sindre alipita kwa Elvio na begi mgongoni.

"Mbona uso umekushuka?"

"Ilaria. Alikuwa akinipigia na kukata."

"Mlio mmoja tu?"

"Kila siku."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nilikuwa napokea."

Elvio akaweka kikombe chini. "Jamani, huyu alikuwa anapokea," akawaambia wateja, na kaunta nzima ikamtazama Sindre kwa huruma. Wakamweleza wote kwa pamoja, kwa midomo na kwa mikono.

Alipoelewa, treni ya Milano ilikuwa inaita abiria. Akabipu huku akikimbia. Akapanda, akabipu tena. Kimya. Milango ikafungwa, na dirisha lilikuwa la kutofunguka. Aliona kabisa kwamba amempoteza, na hakuwa na la kufanya.

Treni ilipoanza kusogea, akaliona gauni la njano. Ilaria alikuwa akikimbia kando ya reli, viatu mkononi, nywele zimemvurugika. Akaachwa nyuma, akasimama, akainua simu.

Ya Sindre ikalia mara moja. Kidole kilitaka kupokea, akakizuia. Ikakatika. Naye akabipu, lakini hakukata. Akaiacha ilie mpaka Ilaria akapokea, anahema.

"Mbona hukati, mjinga wewe? Bipu hukatwa."

"Sikati. Nashuka Modena, narudi."

Ilaria akaangusha viatu. Alikuwa analia, na Sindre alimsikia.

"Kweli utarudi?"

"Kweli. Mwambie mama aweke maji jikoni, ila tambi asitie kwanza. Nikifika kona, nitabipu."