Maji Chini ya Miguu ya Baba

Stana alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa gari lake, sponji mkononi. Aliizamisha sponji kwenye zulia la gari, akaikamulia kwenye ndoo. Maji machafu yakamwagika. Akazamisha tena, akakamua tena. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika. Lakini katika mji wa Cetinje, kule milimani, mwezi wa Novemba, mvua hukatika tu ili ipumue.

"Ranko!" aliita kwa hasira. "Njoo uone bwawa lako!"

Ranko, mumewe, alitoka na kikombe cha kahawa. Alikuwa fundi mwashi, mtu mnene mwenye mikono ya saruji.

"Bwawa langu tena? Wewe ndiye unayeacha madirisha wazi."

"Dirisha limefungwa. Si una macho? Angalia!"

"Basi ni mpira wa mlango. Lakini juzi nimepaka silikoni kila mahali. Kila ufa!"

"Umepaka, na maji yameongezeka. Endelea kupaka hivyo hivyo, Krismasi tutavua samaki humu."

Ndani ya gari kulinuka kama chumba cha chini kilichofungwa miaka. Koga nyeupe ilikuwa imeota kwenye mikanda ya viti. Stana alitaka kusema zaidi, lakini baba yake alikuwa amefika mlangoni na fimbo yake.

Mzee Blagota alikuwa mgonjwa wa figo. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Stana alimpeleka hospitali mjini Podgorica kusafishwa damu kwa mashine. Safari hiyo hairukwi. Mzee akiruka siku moja, miguu huvimba na pumzi huwa nzito.

"Mtatukanana nikirudi," mzee alisema. "Mashine hainisubiri mimi."

Stana alimwekea mfuko wa plastiki chini ya miguu. Mzee aliutazama ule mfuko, akamtazama mkwewe, akatema mate pembeni.

Walipoanza kuteremka mlimani, mvua ilirudi. Pumzi zao na maji ya zulia vilipanda kwenye vioo. Stana aliwasha feni ya hita. Badala ya kukauka, kioo cha mbele kikazidi kuwa cheupe, kama mtu amemwaga maziwa. Alikifuta kwa mkono. Akaona kidogo. Kikafunga tena.

"Breki!" mzee alipiga kelele. "Stana, breki!"

Alikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likaserereka, likasimama. Alipofuta kioo, aliona magogo ya lori lililosimama mbele yao. Yalikuwa karibu kiasi cha kuyagusa kwa mkono.

Mzee alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Nimenusurika vita na nimenusurika figo," alisema polepole. "Sitaki kuuliwa na gari linalovuja kama chandarua. Umesikia, mwanangu?"

Stana alisikia. Safari yote iliyobaki aliendesha madirisha yakiwa wazi, mvua ikimpiga shavuni, na hasira ikimchemka kifuani.

Mchana waliporudi, mvua ilikuwa imeacha tena. Stana aliufunga mlango wa gari kwa kishindo kilichotisha kunguru wote wa mtaa.

"Nusura nimuue baba!" alimfokea Ranko. "Kwa sababu ya kioo! Sikuona lori zima!"

Ranko alibadilika rangi. Kisha, kama kawaida yake anapoogopa, naye akakasirika.

"Basi leo namaliza kazi!" alisema. Aliingia stoo, akatoka na drili. "Natoboa tundu kwenye sakafu ya gari. Maji yaingie, maji yatoke. Kwisha!"

"Weka hiyo drili chini, mwendawazimu wewe!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ua. Alikuwa Jagoda, jirani yao. Mama huyu alistaafu kwenye gereji ya mabasi, alikofunga vioo na milango maisha yake yote. Stana alikuwa hasemi naye tangu vuli ya mwaka jana. Walikuwa wamegombana juu ya mti mkubwa wa kivuli wa Jagoda, uliomwaga majani juu ya gari. Stana alitaka ukatwe. Jagoda alisema wamkate yeye kwanza.

"Haikuhusu, shangazi!" Stana alisema.

"Kweli, hainihusu. Lakini baba yako ananihusu, nimesoma naye." Jagoda alikuwa tayari anafungua geti. "Chini ya hilo zulia kuna nyaya za umeme, Ranko. Utazikata. Na tundu lako litaleta kutu, na barabara ikilowa matairi yatarusha maji ndani kwa chini. Unataka kuoga pande zote mbili?"

Ranko aliweka drili chini.

Jagoda alichovya kidole kwenye maji ya zulia, akakisugua, akakinusa.

"Haya ni maji ya mvua," alisema. "Maji ya rejeta yana rangi, yanateleza kama mafuta, na harufu yake ni tamu. Yangekuwa hayo, ningewaambia mwende kwa fundi wa hita. Haya, yanaingilia wapi?"

"Hapa, kwenye miguu ya baba," Stana alisema. "Si unaona?"

"Hapo ndipo yanapolala. Nimeuliza yanaingilia wapi. Maji huingia juu, yakatembea kwenye chuma, yakaja kulala pale palipo chini. Mkiziba mahali yanapolala mtaziba mpaka mzeeke."

Alianza kutoa amri. Zulia la miguuni litolewe. Zulia kubwa liinuliwe pembeni. Kila kitu kifutwe kikauke. Kisha magazeti makavu yatandazwe sakafuni, maana gazeti huonyesha hata tone moja.

"Stana, ingia ndani na tochi. Lala chali, kichwa chini ya dashibodi. Ranko, shika mpira wa maji. Maji yatiririke polepole kama mvua. Usipulizie kwa nguvu, utasukuma maji mahali ambapo mvua haifiki. Anza chini ya mlango, halafu panda. Sehemu moja, subiri. Sehemu nyingine, subiri. Ukimwagia gari zima kwa mara moja hutajua lolote."

"Anza!" Stana alisema kutoka chini ya dashibodi. Alikuwa amebanwa, shingo inauma, na bado amekasirika.

Ranko alimwagia mlango wa mbele. Walisubiri.

"Pakavu!"

Akamwagia pembeni ya kioo cha mbele. Wakasubiri.

"Pakavu!"

Akamwagia chini ya kioo, pale waipa zinapolala. Walisubiri sana. Ghafla Stana alisikia *tip, tip*. Tone baridi lilimwangukia kwenye jicho.

"Linaingia! Linatoka kwenye hita! Simamisha maji, Ranko, simamisha!"

Jagoda alifungua boneti. Aling'oa kifuniko cha plastiki chini ya waipa. Chini yake mna mfereji unaopokea maji ya kioo, na mwishoni mwa mfereji mna tundu la kuyatoa nje ya gari. Lakini mfereji haukuonekana. Ulikuwa umejaa majani yaliyooza, meusi kama masalia ya kahawa. Na kwenye tundu la kutolea maji palikuwa na donge jeupe.

"Hii nini?" Stana aliuliza.

Ranko alijikuna kichwa. "Silikoni."

"Umeziba tundu la kutolea maji!"

"Niliona ni tundu..."

Stana alichota konzi ya majani mabovu, akamtupia mumewe kifuani. Yakabandika kwenye sweta.

"Tulia wewe!" Jagoda alimkemea. "Majani ni ya mti wangu, sawa. Gundi ni ya mumeo. Lakini uvivu wa kufungua boneti ni wako mwenyewe. Mfereji ukiziba, maji yanajaa mpaka yanafika kwenye mlango wa hewa ya hita. Yanaingia humo, yanamshukia mzee miguuni. Feni mkiiwasha inawapulizia unyevu tu."

Stana alizidi kukasirika, akaanza kuchota majani kwa mikono yake.

Walizoa takataka zote. Ranko aliikwangua silikoni kwa kipande cha plastiki asichubue rangi. Jagoda alipitisha mpira mwembamba, laini, kwenye tundu. "Si waya mgumu," alionya, "utatoboa bomba lililo ndani." Wakamwaga maji. Yakatoka kwa nguvu nyuma ya gurudumu la mbele.

"Tumemaliza," Ranko alisema.

"Hamjamaliza. Watu wengi hupata tundu la kwanza wakaacha. Mwaga tena, gari zima, kipande kwa kipande."

Na kweli, kwenye mlango wa nyuma gazeti lililowa. Walifungua ubao wa ndani wa mlango. Nyuma yake mlikuwa na karatasi ya plastiki inayozuia maji, imebanduka chini. Walisafisha chuma, wakakikausha, wakaibandika upya kwa utepe mzito unaonata. Matundu madogo ya chini ya mlango Jagoda aliyaacha wazi. "Hayo ni ya kutolea maji. Ranko, yaangalie vizuri. Usiyaguse."

Kisha kazi ya kukausha. Waliondoa waya wa betri kwanza, ndipo wakatoa viti na zulia. Sponji nene chini ya zulia ilikuwa bado imelowa maji. Ingerudishwa hivyo, koga na ukungu wa vioo vingerudi pia. Waliitundika stoo, wakaielekezea feni mpaka ikakauka kabisa. Mikanda ya viti waliisugua kwa sabuni.

Siku hizo zote Jagoda alimpeleka mzee Blagota hospitali kwa gari lake mwenyewe. Mzee alisema mama yule anagomba njia nzima, na kwamba hajawahi kusafiri vizuri hivyo.

Mti haukukatwa. Stana alihamisha maegesho upande wa pili wa ua, na kila majani yalipoanguka alifungua boneti na kuzoa mfereji.

Mwezi wa Desemba mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zimepasuka. Stana aliteremka mlimani na baba yake. Vioo vilikuwa safi, aliona kila kona. Mzee alivua viatu, akanyoosha miguu kwenye zulia kavu, akalala usingizi.

Kwenye maegesho ya hospitali, kijana mmoja mwenye shali alikuwa akifuta kioo cha gari lake kwa ndani, huku akimtukana mtu kwenye simu. Mama mgonjwa alikuwa kando yake, magazeti chini ya miguu.

Stana alimwendea, akagonga dirisha.

"Zima gari. Fungua boneti."

"Samahani, wewe ni nani?"

"Mimi nusura nimuue baba yangu," Stana alisema kwa ukali. "Fungua boneti, nimesema!"